Nusu Mbili Zisizokunjana: Kumbukumbu za Kufundisha Ulinganifu wa Pembenne

Katika jiometria ya shule ya msingi ni mada chache zinazoonekana nyepesi kama mistari ya ulinganifu, na wepesi huo wa kuonekana ndio unaoifanya mada yenyewe ipewe vipindi vichache, ifundishwe mbiombio kuelekea mwisho wa muhula, na iachwe na makosa ambayo mwanafunzi huyabeba hadi sekondari bila mtu kuyashtukia. Pembenne ni umbo bapa lililofungwa na pande nne zilizonyooka, na mstari wa ulinganifu ni ule ambao umbo likikunjwa juu yake, sehemu iliyo upande mmoja huilalia sehemu iliyo upande wa pili bila kuzidi wala kupungua. Mraba una mistari minne ya namna hiyo. Mstatili una miwili. Rombasi, yaani pembenne ambayo pande zake zote ni sawa lakini pembe zake si lazima ziwe za digrii 90, ina miwili. Kishada, ambacho wengine hukiita tiara na ambacho kina jozi mbili za pande jirani zilizo sawa, kina mmoja. Na msambamba wa kawaida, ambao pande zake zinazotazamana ni sambamba, hauna hata mmoja. Orodha hiyo huandikwa ubaoni, hunakiliwa daftarini na hukaririwa, na katika mtihani wa kuchagua jibu yaweza kumpatia mwanafunzi alama zote za swali.

Kumbukumbu zilizomo humu zimetokana na miaka ambayo mwandishi alifundisha hisabati katika madarasa ya juu ya shule ya msingi kwenye mwambao wa Tanzania, na hoja inayoziunganisha ni moja: kosa linalojirudia kuliko yote katika mada hii halitokani na uzembe wa mwanafunzi bali linatokana na fasili anayopewa, na fasili hiyo ikinyooshwa, sehemu kubwa ya orodha iliyotajwa hapo juu hupatikana kwa kufikiri, wala haihitaji kukaririwa.

Fasili inayotolewa mara nyingi, kwa mdomo wa walimu na katika baadhi ya vitabu, husema kwamba mstari wa ulinganifu ni mstari unaoligawa umbo katika sehemu mbili zilizo sawa. Maneno hayo si ya uongo, kwa maana kila mstari wa ulinganifu kwa kweli huligawa umbo hivyo; kasoro yake ni kwamba yanakaribisha mistari mingi isiyohusika. Mwanafunzi aliyeyashika vizuri maneno hayo, akiulizwa mstatili una mistari mingapi ya ulinganifu, hujibu minne bila kusita: miwili inayopita katikati ya pande zinazotazamana, na miwili ya mishazari, mshazari ukiwa ni mstari unaounganisha pembe mbili zinazotazamana. Darasa baada ya darasa, jibu la minne ndilo lililotawala, na waliolitoa kwa uhakika zaidi walikuwa wale wanafunzi makini waliozoea kuijaribu fasili kabla ya kujibu. Walikuwa na haki. Mshazari wa mstatili huugawa mstatili katika pembetatu mbili zilizo sawa kabisa, kwa urefu wa pande, kwa ukubwa wa pembe na kwa eneo, na kama usawa wa sehemu mbili ndio sharti pekee, basi sharti limetimizwa.

Linaloivunja hoja hiyo ni karatasi. Karatasi ya kawaida ya kuandikia yenye ukubwa wa A4, ambayo ni milimita 210 kwa 297, ikikunjwa juu ya mshazari wake, pembetatu moja haiilalii nyingine. Sehemu ya katikati hupandana, na pembeni huchomoza vipembetatu viwili, kimoja kutoka kila nusu, ambavyo haviwezi kufichwa hata karatasi ikunjwe kwa uangalifu wa namna gani. Wanafunzi wengi walipoona hivyo kwa mara ya kwanza walidhani mkono umekosea, wakaikunjua karatasi, wakaikunja tena kwa kubana zaidi, na vipembetatu vikachomoza vilevile. Ikiwa karatasi itakatwa kwa mkasi juu ya mshazari huohuo, vipande viwili hupandana barabara, ila kwa sharti kwamba kimoja kizungushwe nusu mzunguko juu ya meza, yaani digrii 180, kabla ya kukiweka juu ya kingine. Hapo ndipo tofauti inapojitokeza bila maneno mengi: zipo nusu zinazolingana kwa kukunjwa na zipo nusu zinazolingana kwa kuzungushwa, na mstari wa ulinganifu unahusu zile za kwanza tu.

Mfano ulio wazi zaidi wa jambo hilo mwanafunzi wa Tanzania huuona kila asubuhi mstarini. Bendera ya Tanzania, iliyoanza kutumika mwaka 1964 baada ya Tanganyika na Zanzibar kuungana, ni mstatili wenye uwiano wa 2 kwa 3, na mkanda wake mweusi wenye kingo za njano hupanda kutoka kona ya chini iliyo upande wa mlingoti hadi kona ya juu ya upande wa pili, ukiacha pembetatu ya kijani juu na pembetatu ya buluu chini. Pembetatu hizo mbili ni sawa, lakini bendera ikikunjwa juu ya mkanda wake, kijani hakiifuniki buluu. Ikizungushwa nusu mzunguko, kijani hukaa pale pale ilipokuwa buluu na buluu hukaa palipokuwa na kijani. Kwa upande wa umbo, rangi zikiwekwa kando, bendera hii ina ulinganifu wa mzunguko na haina hata mstari mmoja wa ulinganifu. Bendera ya Kenya, yenye mikanda inayolala na ngao katikati, ni kinyume chake: hukunjika kwa mstari wa wima unaopita katikati ya ngao, lakini haikunjiki kwa mstari wa mlalo, kwa sababu mkanda wa juu ni mweusi na wa chini ni wa kijani.

Msambamba unastahili kutajwa hapa, japo kwa ufupi, kwa kuwa ndio unaoiangusha fasili ya nusu mbili moja kwa moja. Kila mstari unaopita kwenye kitovu cha msambamba, yaani mahali mishazari yake inapokatana, huugawa katika sehemu mbili zilizo sawa. Mistari ya aina hiyo haina idadi, na hakuna hata mmoja ambao msambamba wa kawaida unaweza kukunjwa juu yake ukapandana. Kama fasili ingekuwa sahihi, umbo ambalo kila kitabu hukiri kwamba halina mstari wa ulinganifu lingekuwa na mistari isiyohesabika. Inashangaza kwamba mkanganyo huo hukaa katika kurasa mbili zinazofuatana za kitabu kimoja bila kuzua swali, na huenda sababu ni kwamba msambamba huletwa mwishoni, wakati mwanafunzi amekwisha kuchoka kuuliza.

Fasili ya kukunja ikishakubaliwa, huwezekana kuuliza swali ambalo orodha ya kukariri hailiulizi kamwe, nalo ni hili: mstari wa ulinganifu wa pembenne unaweza kupita wapi? Jibu hupatikana kwa kuvifuatilia vipeo, yaani zile ncha nne ambako pande hukutana, ambazo kwa desturi huitwa A, B, C na D kwa kulizunguka umbo. Umbo linapokunjwa likapandana, kila kipeo lazima kiangukie juu ya kipeo, kwani ncha haiwezi kuangukia katikati ya upande ulionyooka; kwa hiyo kila kipeo ama kiko juu ya mstari wenyewe na hivyo hakihami, ama hubadilishana nafasi na kipeo kingine. Vinavyobadilishana huenda viwili viwili, na kwa kuwa vyote ni vinne, vinavyobaki mahali pake ni viwili au hakuna kabisa; vinne haviwezi kubaki, maana umbo lote lingekuwa limelala juu ya mstari mmoja.

Tuseme vimebaki viwili. Haviwezi kuwa majirani, mathalani A na B, kwa sababu hapo C na D ndivyo vingebadilishana, na upande BC ungeangukia BD, ilhali BD si upande bali ni mshazari. Basi vinavyobaki ni vinavyotazamana, na mstari wa ulinganifu ni mshazari wenyewe. Tuseme hakuna kilichobaki. Kama A ingebadilishana na C, na B na D, mishazari yote miwili ingekatwa na mstari huohuo kwa pembe ya digrii 90, hivyo ingekuwa sambamba, jambo lisilowezekana katika pembenne ambayo pande zake hazikatani njiani. Kinachosalia ni majirani kubadilishana na majirani, na hapo mstari hupita katikati ya upande mmoja na katikati ya upande unaoutazama. Kwa hiyo njia ni nne tu: mishazari miwili na mistari ya kati miwili. Hakuna pembenne yenye mistari mitano, na sababu yake ni kwamba mstari wa tano hauna pa kupita.

Uthibitisho huo ulifundishwa kwa mara ya kwanza kwa wasiwasi, kwa kuwa muhtasari haukuudai na kichwa cha mtoto wa miaka 12 hudhaniwa kuwa hakihimili hoja ya namna hiyo. Ilidhihirika kwamba wanafunzi waliifuata bila taabu pale ambapo herufi ziliandikwa kwenye kona za karatasi halisi, pande zote mbili za karatasi, na kila hatua ikajaribiwa kwa vidole. Waliyumba pale tu ilipoandikwa ubaoni kwa chaki bila karatasi mkononi.

Kazi iliyozaa matunda kuliko zote ilikuwa ya mkasi. Karatasi hukunjwa mara mbili, mkunjo wa pili ukiulalia ule wa kwanza kwa pembe ya digrii 90, mpaka ibaki kona moja iliyofungwa. Kona hiyo hukatwa kwa mkato mmoja ulionyooka, na kabla kipande hakijafunguliwa, darasa huombwa kutabiri umbo litakalotokea. Wengi walitabiri pembetatu, kwa kuwa ndicho walichokiona mkononi, na wachache walisema mstatili. Kipande kikifunguliwa huwa ni rombasi, mara zote, upana wa mkato uwe wowote, kwa sababu mkato mmoja umepita katika tabaka nne na hivyo umezaa pande nne zilizo sawa, na mikunjo miwili imekuwa mishazari yake. Swali lililofuata lilikuwa kwamba mkato ufanyweje ili kitoke mraba, na jibu, ambalo darasa lililipata lenyewe baada ya kuharibu karatasi nyingi, ni kwamba mkato uanzie na uishie kwenye umbali ulio sawa kutoka ile kona iliyofungwa.

Katika mojawapo ya vipindi hivyo, msichana mmoja aliyekuwa amekaa nyuma aliushika mraba wake, akaukunja si kwa mikunjo ya awali bali katikati ya pande, akainua mkono na kusema: "Mwalimu, huku haikukunjwa, lakini inakubali." Kauli hiyo ina hisabati nzito kuliko inavyosikika. Mikunjo iliyofanywa ilikuwa miwili, na mraba ulipopatikana ukaja na mingine miwili ambayo hakuna aliyeiomba. Darasa lilitaka kujua kama inawezekana kuongeza mmoja tu, ili pembenne iwe na mistari mitatu kamili, na wanafunzi kadhaa walikaa na mkasi hadi kengele ikalia, wakitafuta umbo ambalo halipo.

Halipo kwa sababu ifuatayo. Pembenne inapokuwa na mshazari mmoja kama mstari wa ulinganifu, ni kishada. Inapokuwa na mstari wa kati mmoja, ni trapeza pacha, yaani trapeza ambayo pande zake mbili zisizo sambamba zina urefu ulio sawa. Ikiwa na mistari ya kati yote miwili ni mstatili, na ikiwa na mishazari yote miwili ni rombasi. Ikiwa na angalau mmoja wa kila aina, basi ule wa kishada hulazimisha AB ilingane na AD, na CB ilingane na CD. Ule wa trapeza pacha, unaobadilisha A na B na kubadilisha C na D, hulazimisha AD ilingane na BC. Hapo pande zote nne zimekuwa sawa. Pembe nazo hufuata mkondo huohuo: mstari wa kwanza hulinganisha pembe B na D, wa pili hulinganisha A na B, kisha C na D, na zote nne zikiwa sawa, kila moja ni digrii 90. Umbo ni mraba, na mistari minne imetimia. Yeyote mwenye mitatu lazima awe na mmoja wa kila aina, kwa hiyo tayari anayo minne. Mwandishi anaamini kwamba hoja hii ndiyo kitovu cha mada nzima, na kwamba mwanafunzi aliyeielewa hana haja ya kukariri jedwali lolote.

Kwa wale waliotaka kuendelea mbele, ilifaa kuwaonyesha kwamba herufi nne zinaweza kupangwa kwa namna 24, kwa kuwa 4 mara 3 mara 2 ni 24, lakini mraba hukubali namna 8 tu. Kipeo A kinaweza kupelekwa kwenye kona yoyote kati ya nne. Kipeo B, kwa kuwa hakiwezi kutenganishwa na jirani yake, kinabakiwa na nafasi mbili. Vilivyobaki havina uchaguzi. Nne mara mbili ni nane: mizunguko minne, ukihesabiwa na ule wa kuuacha mraba ulivyo, na mikunjo minne. Mstatili na rombasi kila mmoja hukubali namna 4, na msambamba namna 2. Vyuo vikuu huita mkusanyiko wa aina hiyo kundi, na huujengea nadharia pana. Mtoto wa shule ya msingi haihitaji nadharia hiyo, ila si vibaya ajue kwamba alichokishika ndicho mlango wake.

Mstatili na rombasi zina uhusiano mwingine ambao vitabu vya shule huupita kimya. Pierre Varignon, mwanahisabati wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1722, ndiye aliyethibitisha, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1731, kwamba nukta za kati za pande za pembenne yoyote zikiunganishwa kwa mfuatano hutoa msambamba. Pembenne ya kuanzia ikiwa mstatili, kinachotoka ni rombasi. Ikiwa rombasi, kinachotoka ni mstatili. Na mraba hutoa mraba. Sababu inasomeka katika mistari ya ulinganifu yenyewe: mstari uliokuwa ukipita katikati ya pande za umbo kubwa, katika umbo dogo hupita kwenye vipeo, na uliokuwa ukipita kwenye vipeo sasa hupita katikati ya pande.

Swali lililozua mabishano marefu zaidi darasani halikuhusu idadi ya mistari bali lilihusu majina: je, mraba ni mstatili? Wanafunzi wengi walikataa katakata, na katika kukataa kwao walikuwa na mtetezi mkubwa wasiyemjua. Euclid, aliyeandika vitabu vyake vya jiometria mjini Alexandria yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, alizifasili pembenne katika kitabu cha kwanza kwa namna ya kuzitenganisha: umbo refu lina pembe za digrii 90 lakini pande zake zote si sawa, na rombasi ina pande zote sawa lakini pembe zake si za digrii 90, hivyo kwake mraba haukuwa mstatili wala rombasi. Hisabati ya leo imechagua njia ya kujumuisha, na ulinganifu ndio unaoonyesha faida yake: mraba una mistari yote miwili ya kati inayoufanya mstatili uwe mstatili, na una mishazari yote miwili inayoifanya rombasi iwe rombasi, kwa hiyo kila kinachothibitishwa juu ya mstatili au rombasi kimekwisha kuthibitishwa juu ya mraba, na hakuna kazi ya kurudiwa.

Hata hivyo, si busara kumlazimisha mtoto akubali hilo siku ya kwanza. Wataalamu wawili wa Uholanzi, Pierre van Hiele na mkewe Dina van Hiele-Geldof, walieleza katika tasnifu zao za mwaka 1957 kwamba fikra za jiometria hukua kwa ngazi: mwanafunzi kwanza hulitambua umbo kwa sura yake yote, baadaye huzitambua sifa zake moja moja, na baadaye zaidi ndipo huziona sifa zikizaana. Aliye katika ngazi ya kwanza huona mraba ukiwa umekaa juu ya upande wake, lakini ukizungushwa digrii 45 ukasimama juu ya ncha, hauiti tena mraba. Wanafunzi wa mwandishi waliuita uru, kwa kuufananisha na alama ya karata, na wengine wakauita kishada. Kuwaambia kwamba wamekosea hakukusaidia kitu. Kilichosaidia ni kuwapa umbo hilohilo walikunje, wahesabu mistari, kisha waizungushe karatasi wakiwa bado wameishika, waone kwamba ile minne haikwenda popote.

Khanga ilileta funzo la aina nyingine. Khanga ni mstatili wa kitambaa wenye sehemu tatu zinazojulikana na kila mtu wa pwani: pindo linalouzunguka ukingo wote, mji ulio katikati, na jina, yaani maandishi yanayokaa ndani ya mji karibu na upande mmoja wa urefu. Ilipotandazwa sakafuni na darasa likaulizwa ina mistari mingapi ya ulinganifu, nusu walisema miwili na nusu walisema hakuna, na wote walikuwa sahihi, kwa kuwa wa kwanza walikuwa wakiongelea umbo na wa pili wakiongelea nakshi. Pindo na mji wa khanga nyingi huchorwa kwa kufuata mistari yote miwili ya mstatili. Jina ndilo linaloivunja. Mkunjo wa mlalo hulipeleka jina mahali pasipo na jina, na mkunjo wa wima hulirudisha pale pale lakini herufi zikiwa zimegeuka, zikisomeka kama zinavyosomeka kwenye kioo. Tangu hapo ilikuwa lazima kila swali la ulinganifu litanguliwe na jingine: kinacholinganishwa ni nini, mpaka wa kitu au kilichochorwa ndani yake? Maswali ya mitihani yanayoonyesha picha za vitu na kuuliza idadi ya mistari mara nyingi hayasemi, na mwanafunzi huadhibiwa kwa utata wa mtunzi.

Nje ya darasa, watu wanaoutumia ulinganifu wa mstatili kila siku bila kuutaja ni mafundi. Fundi seremala anayeunga fremu ya dirisha hupima pande, kisha hupima kona kwa kona. Vipimo viwili vya mshazari vikilingana, husema fremu imekaa skwea, na visipolingana huigonga kona iliyozidi mpaka vilingane. Alipoulizwa kwa nini asitumie tu kile kifaa chake cha kupimia pembe, fundi mmoja mzee alijibu: "Skwea ndogo hudanganya kwenye fremu kubwa, Mwalimu, futi haidanganyi." Maelezo yake ni sahihi, kwa kuwa kasoro ndogo ya pembe isiyoonekana kwenye kipimo cha sentimita chache hukua kadiri mbao inavyorefuka. Kinachoipa njia hiyo uhalali ni mstari wa kati: mstatili ukikunjwa katikati, mshazari mmoja huulalia mwingine, kwa hiyo lazima ilingane. Lakini trapeza pacha nayo ina mstari wa kati, na mishazari yake inalingana vilevile, ndiyo maana fundi mwangalifu huanza kwa kuhakikisha kwamba pande zinazotazamana ni sawa kabla ya kupima kona kwa kona. Mpangilio huo wa hatua, pande kwanza na kona baadaye, ni uthibitisho wa kihisabati uliohifadhiwa katika mazoea ya kazi, na ulipoletwa darasani ulieleweka kwa kasi ambayo mchoro wa ubaoni haukuwahi kuifikia.

Kutokana na hayo, wanaoandaa vitabu vya hisabati vya shule za msingi wanaombwa kuyaondoa maneno ya sehemu mbili zilizo sawa katika fasili ya mstari wa ulinganifu, au, ikiwa lazima yabaki, kuyafuatisha papo hapo na sharti la kukunjana. Wanaombwa pia kuuleta msambamba mapema, kabla ya mraba, kwa sababu mraba hukubali kila jibu na hivyo haumfichulii mwanafunzi wala mwalimu kosa lolote, ilhali msambamba na mshazari wa mstatili hulifichua kwa mkunjo mmoja. Walimu wenzake, mwandishi anawaomba jambo dogo zaidi: wasiandike jedwali la idadi ya mistari ubaoni kabla kila mwanafunzi hajashika umbo lake mkononi. Kazi hiyo haihitaji bajeti. Karatasi zilizokwisha kuandikwa upande mmoja, ambazo kila shule inazo za kutupa, zinatosha darasa zima.